Kufundisha watoto wa msingi kuhusu VVU bila kuwatisha

Kabla hujaingia darasani chukulia tu kwamba humo ndani yupo mtoto anayemeza ARV, yaani dawa za VVU, kila siku, au mamake anameza, na wewe humjui na wala hutakiwi kumjua. Ukishaliweka hilo kichwani mengine yanajipanga yenyewe, zile picha za mtu mifupa mitupu unaziacha nyumbani, "ukimwi unaua" unaimeza, maana huyo mtoto amekaa hapo anakusikia ukimwambia atakufa.

Wa miaka 6 mpaka 8 usiwachoshe. Kuna kijidudu hakionekani kwa macho, kinakaa kwenye damu, kwa hiyo mwenzio akitoka damu usiguse, ita mkubwa, na sindano ukiikuta chini usiichezee. Basi.

Kuanzia miaka 10 hivi sema ngono, usiseme "tabia mbaya". Ukisema tabia mbaya yule aliyezaliwa na virusi anaanza kujiuliza mama yake alifanya nini. Taja njia zote, ngono bila kinga, damu, na mama kwenda kwa mtoto kwenye mimba, kujifungua au kunyonyesha, halafu hapo hapo sema mama akimeza dawa vizuri mtoto anaweza kuzaliwa mzima kabisa.

Tofauti ya VVU na UKIMWI waigize. Seli nyeupe ni askari wa mwili, virusi vinaingia ndani ya askari wenyewe na kuzaliana humo humo, askari wakiisha sana ndo tunaita UKIMWI, ila ARV inavizuia kuzaliana na askari wanaongezeka tena. Wape uaskari na udawa, lakini usimpe mtoto yeyote kuwa mgonjwa, hilo jina litamfuata mpaka mapumziko.

Maswali yaje kwa vikaratasi bila majina, na kila mtu aandike, asiye na swali achore hata jogoo, ili asionekane nani kauliza. Mbu lazima atauliziwa! Jibu ni kwamba virusi haviishi wala kuzaliana ndani ya mbu, na akikuuma anakuingizia mate yake, sio damu ya aliyemuuma kabla yako.

Na mtoto akikufuata baadae akanong'ona "mwalimu, mimi nameza hizo", mshukuru kwa kukuambia, muulize kama kuna kitu kinamsumbua, na ofisini kwa walimu wenzio usiipeleke hiyo stori.