Kilatini kwa mlango wa Kiswahili: tulivyosomea nyumbani Buruburu

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Binti yangu alisomea nyumbani kwa miaka miwili kabla ya kufanya Kilatini katika IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari wa Cambridge, na kwa kuwa sikukisoma shuleni, nililazimika kujifunza naye: usiku nasoma mimi, asubuhi anasoma yeye. Wazazi wenzangu wakiniuliza tulianzia wapi, nawaambia tulianzia kwenye ngeli. Lakini kabla ya ngeli kuna shughuli ya makaratasi, na hiyo isikupite.

Tafuta kituo cha mtihani kwanza. Mtoto asiye na shule huandikishwa kama mtahiniwa binafsi, na si kila kituo kitakubali kusumbuka kwa somo lenye mtahiniwa mmoja. Kuna kituo kilinizungusha wiki sita, njoo kesho njoo kesho, mwishowe wakaniambia Kilatini hawakiandikishi. Siku ya kwanza uliza kama wanapokea watahiniwa binafsi, kama wataandikisha Kilatini, na siku ya mwisho ya kulipa ni lini. Majibu yaje kwa barua pepe. Kisha chapisha mtaala wa mwaka ambao mtoto atakaa mtihani, kwa sababu vifungu vya fasihi hubadilishwa. Sisi tulitoka saiba na mtaala wa mwaka mwingine. Mtoto alikaa miezi miwili na mashairi yasiyo yake hadi nilipotazama vizuri mwaka ulioandikwa kwenye jalada. Alilia, nami nikaumia sana.

Karatasi ni mbili, ya lugha na ya fasihi. Ya lugha ina kifungu cha kutafsiri ambacho mtoto hajawahi kukiona, na ufahamu. Kamusi haingii, kwa hiyo orodha ya maneno iliyo kwenye mtaala ihifadhiwe yote. Sisi tulikata manila vipande vidogo, maneno kumi kwa siku, akawa anayapitia ndani ya matatu ya 58 tukikwama kwenye msongamano wa Jogoo Road.

Sasa sarufi. Vitabu karibu vyote vimeandikwa kwa ajili ya mtoto wa Kiingereza, na humwonya kwamba Kilatini kina mambo ya ajabu: kitenzi kinachobeba nafsi na wakati, vivumishi vinavyofuata nomino, nomino zisizo na "the" wala "a". Mtoto wetu ana hayo yote mdomoni tangu alipoanza kusema. Chukua "tutapenda". Tu- ni nafsi, -ta- ni wakati, kisha mzizi -pend-. Kilatini kinasema "amabimus": ama- ni mzizi, -bi- ni wakati, -mus ni sisi. Ni neno lilelile limepangwa kinyume. Nilimwandikia binti yangu maneno hayo mawili, moja juu ya jingine, na kalamu tatu za rangi, akachora mistari mwenyewe kuunganisha tu- na -mus. Tangu hapo nilimfundisha kila neno alisome kuanzia mkiani, kwa maana kazi ambayo sisi huifanyia mwanzoni, Waroma waliifanyia mwishoni.

Kosa lake kubwa lilitoka kwenye Kiingereza. Nilimpa "Puellam agricola videt", akaandika kwamba msichana anamwona mkulima, kwa sababu msichana ametangulia. Hapo nilimrudisha kwenye "anamwona". Nikamuuliza, hiyo -m- ni ya nani? Ya anayeonwa. Basi katika Kilatini alama ya anayeonwa imebandikwa kwenye nomino yenyewe, puella-m. Ukiisha kuiona, mkulima anaweza kukaa popote kwenye sentensi, bado ndiye anayeona.

Kisha tukafika "agricola bonus", mkulima mwema. Alikasirika. Puella ni bona, sasa agricola, inayoishia vilevile kwa -a, kwa nini iwe bonus? Nikamwambia aseme sentensi yoyote kuhusu kiboko aliyelala. Akasema, "Kiboko mkubwa amelala." Kwa nini hakusema kikubwa kimelala? Alinyamaza, kisha akacheka: umbo ni la KI-VI, lakini kiboko ni kiumbe hai, upatanisho unamfuata yeye mwenyewe. Mkulima wa Kiroma naye ana umbo la akina puella, ila kivumishi kinamfuata kama mwanamume. Hilo halikumsumbua tena.

Mifano mingine imo hapa hapa mjini. Kaulimbiu ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni "Unitate et labore", kwa umoja na kazi. Tafuta "kwa" hapo, hutaiona. Imo kwenye -e ya mwisho. Ya Strathmore ni "Ut omnes unum sint", ili wote wawe kitu kimoja, na sint ndiyo "wawe". Hata ile -e yetu ya "apende" inatokea: amat ni anapenda, amet ni apende. Hapa kuwa makini, msaada wa Kiswahili unafika mwisho. Kwa vitenzi vya kundi la tatu, reget ni atatawala, na atawale ni regat. Binti yangu alipoteza alama nyingi hapo katika mazoezi. Muandikie makundi manne ya vitenzi kwenye ukuta wa jikoni ayaone kila anapokula.

Matamshi ni mepesi, irabu ni kama zetu. Chagua njia moja tu, kwa kuwa kwaya ya parokia husema Kilatini cha kanisa, na rekodi nyingi za masomo hufuata cha kale, ambapo jina Cicero hutamkwa Kikero.

Fasihi isomwe kwa sauti. Mstari wa utenzi hupimwa kwa mizani nane. Wa Vergilius, mshairi wa Kiroma, hupimwa kwa miguu sita, yaani vipande sita vya mdundo, kwa urefu na ufupi wa silabi, kwa hiyo mtoto apige meza taratibu mpaka sikio lishike.

Jambo la mwisho ni lugha ya majibu. Mtihani hujibiwa kwa Kiingereza. Tulielewa kwa Kiswahili mwaka mzima, kisha miezi minne ya mwisho kila tafsiri ikaandikwa kwa Kiingereza, kwa saa iliyopimwa, kutoka karatasi za mitihani iliyopita. Nilisahihisha kwa kuhesabu mikia: kila mkia wa Kilatini uwe na neno lake katika tafsiri, na usio nalo anaurudia papo hapo kabla hatujafunga daftari.