Kabla hujampa mwenzako mguu akunyooshe

Kwenye jogingi za asubuhi na timu za mchangani utaiona sana hii, mmoja kalala chali, mwenzie kamshika mguu anausukuma kuelekea kifuani, aliyelala kauma meno na wengine wanacheka. Kunyooshana kunasaidia kweli kulegeza misuli ya nyuma ya paja, ila anayesukuma hasikii kinachoendelea ndani ya mguu wa mwenzie, ndo maana mengi myamalize kabla mguu haujainuka.

Kama juzi juzi ulichanika, yaani ulisikia "pa!" ukiwa spidi afu pakavilia damu, usinyooshwe na mtu, pona kwanza. Mwenye maumivu yanayotoka kiunoni yanashuka mguuni, au aliyebadilishiwa nyonga, aanzie kwa mtu wa fiziotherapia.

Halafu msinyooshane mkiwa wa baridi. Kimbieni pole pole dakika 5 mpaka 10, jasho lianze kutoka. Na jinzi vua bwana, vaa bukta.

Sasa huyo mwenzako. Usitafute mwenye nguvu, tafuta msikivu. Kubalianeni neno moja la kusimama, "basi" inatosha, na likitoka anashusha mguu taratibu, haachii ghafla wala haanzi kuuliza "kweli?". Muelewane pia anashika wapi: wewe umelala, mguu wa pili umenyooka chini, yeye kapiga goti, kisigino chako kiko begani kwake, mkono wake uko pajani juu kidogo ya goti, asikandamize pia ya goti hata kidogo. Goti likijikunja kiduchu sio kesi. Ila tako likianza kunyanyuka kwenye mkeka ujue mmepitiliza, hapo unaovutwa ni mgongo, sio paja.

Njia inayofaa ni ya kukaza na kulegeza, wataalamu wanaiita PNF, mizizi yake ni kazi ya daktari Herman Kabat kule Marekani miaka ya 1940, akihudumia watu waliopooza. Anainua mpaka uhisi mvuto, anatulia, wewe unasukuma bega lake kwa kisigino kama sekunde 6, nguvu ya wastani tu maana sio mieleka, na usibane pumzi, yeye anahesabu kwa sauti. Unalegea, anapandisha kidogo, mnashikilia sekunde 10 mpaka 30. Mkirudia mara mbili tatu kwa kila mguu inatosha. Kurusha rusha mguu hakuna, na hili mwambie kabla, maana wengi ndo wanavyojua kunyoosha.

Muhimu kuliko yote, ujue unachohisi ili uweze kukisema. Mvuto wa katikati ya paja, ule unaovumilika huku unaongea kawaida, ndo wenyewe. Ganzi, kuchomwachomwa kama sindano au moto unaoshuka mpaka unyayoni ni mshipa wa fahamu unavutwa, sema basi, mguu ushuke. Maumivu makali nyuma ya goti, au pale kwenye mfupa unaoukalia, nayo ni basi.

Na kama mna mechi jioni hiyo, kunyooshana kwa muda mrefu muweke baada ya mechi, maana misuli iliyovutwa sana muda huo huo inapungukiwa nguvu ya kuchomoka. Kabla ya mechi pasheni kwa kukimbia na kurusha miguu wenyewe, kila mtu na wake.