Mkutano wenye kelele na watu wengi: jinsi ya kufanya kompyuta iandike kilichosemwa

Kama kikundi chenu cha akiba mnakutana karibu na barabara ya malori kama sisi hapa Busia, bodaboda zinapita, jenereta ya jirani inanguruma na mvua ikianza kupiga mabati hata nyinyi wenyewe hamsikizani, basi msiweke simu moja katikati ya meza mkategemea kompyuta iandike vizuri. Kazi kubwa iko kwa kurekodi, si kwa programu.

Anza na umbali. Simu iwe karibu na mdomo wa anayeongea, kama shubiri moja hivi, sababu umbali ukiwa mara mbili sauti yake inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) lakini kelele ya barabara inabaki palepale. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola ni nzuri zaidi.

Sasa shida yenyewe, watu wengi. Binadamu anaweza kufuata sauti ya mtu mmoja katikati ya makelele, mtafiti wa Uingereza Colin Cherry alilichunguza hilo mwaka 1953, lakini kompyuta yenye maiki moja inapata sauti zote zimeshakorogwa kama uji na wawili wakiongea pamoja mara nyingi inaandika mmoja tu. Kwa hiyo mwenyekiti awe mkali kabisa: mmoja mmoja, na kila mtu ataje jina kabla ya kuanza. Mkiwa na simu tatu nne kila moja irekodi upande wake, na mtu apige kofi moja kubwa mwanzoni, hilo kofi ndio mtalitumia kulinganisha faili baadaye. Na mwombe ruhusa ya wote kwanza.

Faili ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya sampuli (vipimo vya sauti) 16,000 kwa sekunde inatosha. Usikimbilie kusafisha kelele, maana programu za kusafisha zinakula na herufi za maneno, na Whisper, programu ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotoka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti za intaneti, kelele kiasi imeshazoea. Jaribu sauti iliyosafishwa na isiyosafishwa kwa dakika tano uone ipi imeandika vizuri.

Iambie Whisper lugha ni Kiswahili, usiiache ibahatishe. Kiganda hakimo kwenye lugha zake, so mzee akiingiza Kiganda katikati hapo andika kwa mkono. Pia yenyewe haijui nani kasema nini, kutenganisha wasemaji tumia programu nyingine iitwayo pyannote, na kama unajua idadi ya watu itajie, makosa yatapungua.

La mwisho, na hili nakuomba usilipuuze: penye kimya au kelele tupu Whisper inaweza kuandika sentensi nzima ambayo hakuna mtu aliisema, na imenyooka hivi hutashtuka. Kila penye pesa rudia kusikiliza kwa masikio yako, "sitini" na "sabini" pikipiki ikipita zinafanana sana, halafu linganisha na daftari la mweka hazina kabla hujamsomea mtu akiba yake.