Somo: Wasifukazi (CV) ambao bosi hatauweka kando

Miaka sita nilifanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na kazi mojawapo niliyobandikwa ni kupokea bahasha za wanaotafuta ajira. Nafasi moja ya karani wa nyaraka ilijaza katoni nzima. Bosi alizisoma amesimama, kikombe cha kahawa tungu mkononi: nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, basi. Asipoona kitu hapo, karatasi inakwenda kushoto. Na rundo la kushoto sikuona likirudiwa.

Hatua ya 1: Anza na tangazo. Chukua kalamu, pigia mstari kila wanachotaka. Wameandika "awe anaijua iCMS", ule mfumo wa forodha wa KRA, mamlaka ya mapato? Kama unaijua, iandike vivyo hivyo, tena juu. Kampuni nyingine huacha kompyuta ichuje kwanza, nayo haijui kukisia. Kwa hiyo karatasi ya kuombea kazi ya hoteli Nyali si ile ya kuombea kazi bandarini Kilindini.

Hatua ya 2: Kichwa. Jina, simu, baruapepe, mtaa. Dini, kabila, ndoa na nambari ya kitambulisho, toa. Niliwahi kufungiwa viazi karai Mwembe Tayari kwa wasifu wa mtu, kitambulisho chake kinasomeka chote chini ya ukwaju. Na baruapepe isiwe ile uliyofungua kidato cha pili ukijiita "mtoto mtamu".

Ile sentensi ya "natafuta kampuni yenye changamoto ili nikuze kipaji changu" ifute pia. Inatoka saiba, kwa wale wanaochapa wasifu kwa kompyuta. Siku moja nilihesabu watu kumi na moja walioleta sentensi hiyo, mpaka koma zilifanana.

Hatua ya 3: Kazi ulizofanya. Hapa ndipo pa kukesha. Wengi huandika cheo, kisha wakanyamaza. Tazama:

"Nilikuwa na jukumu la kushughulikia nyaraka."

Zipi? Ngapi? Kwa nini? Sasa hii:

"Niliandaa entri za forodha za kontena 15 kwa wiki kwenye iCMS, na kuzifuatilia tangu meli inapotia nanga hadi kontena linapotoka getini."

Ongeza mstari mmoja tu: "Kwa miezi minne hakuna kontena la mteja wetu lililotozwa gharama ya kukaa yadi kwa kosa la nyaraka." Hapo bosi anaketi. Kontena likilala, pesa zinatoka, na huyo ndiye mtu anayemtafuta: anayezuia pesa zisitoke.

Kila mstari uanze na kitendo: nilihesabu, nilikarabati, nilihudumia. Kazi ya karibuni iwe juu. Ila nambari ziwe za kweli. Kijana mmoja aliandika kontena 200 kwa wiki, kwenye mahojiano akaulizwa, "Mlikuwa wangapi?" Jasho likamtoka, na feni inazunguka.

Hatua ya 4: Masomo. Ukiwa na diploma, KCPE haina haja. Cheti kinachohusu kazi yenyewe kipande juu: EACFFPC (cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha) kwa watu wa forodha, cheti cha afya kwa watu wa jikoni, vyeti vya STCW (mafunzo ya kimataifa ya ubaharia) kwa mabaharia, pamoja na tarehe ya kuisha.

Hatua ya 5: Kufunga. Kurasa mbili, PDF, na faili liwe na jina lako, si "CV mpya ya mwisho 3". Warejelewa, yaani watu utakaowataja wakushuhudie, wapigie simu kwanza. Nimewahi kumpigia mmoja akaniuliza, "Nani huyo?"

Maswali ya wanachama wa kundi letu, kila mmoja kwa jina la mtaa wake

*Likoni:* Mwalimu, mimi ni mhudumu wa meza hotelini. Kila Aprili watalii wakipungua tunatolewa, Julai tunaitwa. Nikiandika yote naonekana narukaruka.

Usiyatawanye, kaka. Andika mara moja: "Mhudumu wa meza (kwa misimu), hoteli ya ufukweni, Bamburi, 2021–2024." Chini yake: "Niliitwa tena misimu minne mfululizo." Mbovu haitwi mara ya pili. Ulichokuwa unakificha ndicho cha kutanguliza.

*Kisauni:* Sijawahi kuajiriwa. Tangu nimalize shule namsaidia mama kuuza nyanya Kongowea. Niandike nini?

Andika hiyo, dadangu. Makreti mangapi kwa siku, nani alishika daftari la madeni, nani alipatanisha malipo ya M-Pesa jioni. Anayetafuta keshia anataka hayo hayo. Ila mrejelewa asiwe mama; mwombe mteja anayenunua kwa jumla, au mwalimu wako.

*Changamwe:* Nilikaa nyumbani miaka miwili nikimuuguza baba. Nifiche?

Pole sana. Mstari mmoja: "2022–2023, kumhudumia mgonjwa nyumbani." Maelezo zaidi hayatakiwi.

*Mtwapa:* Kuna mtu anataka elfu tano aupeleke wasifu wangu bandarini kwa mkono.

Usimpe hata shilingi. Nafasi za Mamlaka ya Bandari hutangazwa kwenye tovuti yao, na unajiombea mwenyewe.

*Likoni tena, mwingine:* Tangazo linataka cheti cha tabia njema, cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na cha KRA viambatanishwe. Nimebakiwa na mia nane tu.

Cheti cha tabia njema peke yake ni kama shilingi elfu moja, kwa hiyo mia nane haifiki hata hapo. Lakini Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022: mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya namna hiyo mpaka awe amekusudia kukupa mkataba. Kwenye wasifu andika "Vyeti vya uidhinishaji vitawasilishwa nikipewa nafasi." Hiyo mia nane iweke nauli ya mahojiano, na uvuke na feri ya mapema.