Somo: Kubandika tepu ya misuli kupunguza maumivu ya hedhi

Zile tepu za rangirangi mnazoziona kwenye magoti na mabega ya wanariadha ndizo za leo. Alizibuni Kenzo Kase, tabibu wa viungo wa Japani, miaka ya 1970. Ni kitambaa cha pamba chenye gundi, kinavutika, na hakina dawa yoyote ndani. Inadhaniwa kwamba mguso wake kwenye ngozi hupunguza makali ya maumivu yanayofika kwenye ubongo. Tafiti zake ni ndogo ndogo, ila kadhaa zimeonyesha nafuu. Mimi naiweka pamoja na chupa ya maji ya moto. Haichukui nafasi ya dawa.

1. Oga, ujikaushe kabisa. Tumboni usipake mafuta wala losheni, la sivyo jioni utaikuta kwenye nguo ya ndani.

2. Chukua tepu ya upana wa sentimita 5, kata vipande viwili vya kama sentimita 15. Pembe zikate mviringo zisinase.

3. Simama, jinyooshe nyuma kidogo ngozi ya tumbo ikaze. Kipande cha kwanza kishuke wima kutoka chini ya kitovu hadi juu ya kinena. Cha pili kipite juu yake kwa mlalo pale panapouma. Hapa ndipo penye kazi: ncha zote, upana wa vidole viwili, zilale bila kuvutwa hata chembe. Katikati vuta kidogo tu. Ukivuta kwa nguvu hupati nafuu zaidi, unapata malengelenge.

4. Kiuno nacho kikiuma, inama, mtu akubandikie kipande kimoja cha mlalo juu kidogo ya makalio.

5. Sugua kwa kiganja, maana gundi hushika kwa joto. Usiingie bafuni kwa saa moja.

Hukaa siku 3 hadi 5. Kuitoa, ilowanishe kwa mafuta ya nazi, ubandue polepole kufuata vinyweleo.

MASWALI

Dada, selotepu haifai?
Haifai, shoga. Haivutiki, na itakuchuna ngozi.

Nibandike lini?
Siku moja kabla kama mzunguko wako unaujua, au maumivu yanapoanza.

Naruhusiwa kumeza ibuprofeni huku nimebandika?
Ndiyo, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu amuulize mfamasia kwanza.

Inaniwasha sana.
Itoe sasa hivi. Mwezi ujao jaribu kipande kidogo mkononi siku nzima kabla. Penye kidonda au upele usibandike, na ukihisi una mimba iache.

Binti yangu wa miaka 14 huzimia kila mwezi. Nimbandikie?
Mama, mpeleke hospitali kwanza. Kuzimia, damu inayojaza pedi kila saa, au maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi vyaweza kutokana na endometriosisi (tishu kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake) au uvimbe kwenye kizazi. Mwandikie tarehe na siku anazokosa shule, daktari atauliza.