Jinsi ya kuona seli zikigawanyika kwa kitunguu cha jikoni

Wengi tumekariri hatua za seli kugawanyika, profezi, metafezi, anafezi, telofezi, mpaka tukaziota usiku ila hatujawahi kuona hata seli moja ikigawanyika, na kitunguu maji kipo jikoni hapo hapo. Unachohitaji kuazima shuleni ni maikroskopu, rangi na asidi kidogo.

Kwangua ile mizizi mikavu ya chini ya kitunguu, kichome vijiti vya meno vitatu kikae juu ya glasi, kitako kiguse maji tu kisizame. Badili maji kila siku. Siku ya tatu au ya nne utaona mizizi myeupe, ikifika sentimita 2 hivi kata michache asubuhi, iloweke kwenye asidi ya haidrokloriki ya 1 M (yaani mola 1 kwa lita, ndo ukali wake) yenye joto la nyuzi 60 kwa dakika kama 5 (hii fanya maabara na mwalimu, miwani machoni, usijaribu chumbani), halafu ioshe vizuri.

Sasa hapa ndo watu wengi wanafeli. Chukua ile ncha tu, milimita 2 za mwisho, mzizi mwingine wote tupa maana huko juu seli zinarefuka tu hazigawanyiki. Weka tone la rangi ya toluidini bluu, subiri dakika kadhaa, funika na kioo kile chembamba, weka tishu juu, kandamiza kwa dole gumba moja kwa moja chini. Ukiteleza pembeni umeharibu, anza upya.

Ukiona seli ndefu ndefu kama matofali umekata pabaya, tafuta vile viboksi vidogo vilivyobanana. Nyingi zitakuwa na kiini cha duara tu, usidhani zimelala, kuna zinazonakili DNA (maelekezo ya urithi) muda huo. Zoom mara 400 utaona nyuzi, ndizo kromosomu zinazobeba DNA, zimejipanga katikati, kwingine zimeshavutwa huku na huku kama watu wanavuta kamba. Kitunguu kina kromosomu 16, sisi 46.

Ukibahatika utaona kiuzi kimoja kimebaki nyuma wenzake washafika, na hapo mgao unaweza kuharibika, seli moja ikaondoka na 17 nyingine 15. Kwa binadamu kosa la namna hiyo likitokea yai linapotengenezwa, kromosomu ya 21 zikaenda mbili pamoja, mtoto anakuwa na 47, ndo Down syndrome, daktari Mfaransa Lejeune na wenzake walilionyesha 1959. Sio laana wala mama hajakosea kitu jamani. Kansa nayo ni breki kukatika: kuna protini inaitwa p53, kazi yake kusimamisha seli yenye DNA iliyoharibika ijirekebishe au ife, sasa jeni yake ikiharibika seli mbovu inaendelea kuzaana tu.

Usipoona kitu mara ya kwanza kirudishe kitunguu kwenye glasi, ile mizizi ambayo hujaikata bado inakua, kesho asubuhi unakata mingine.