Jinsi ya Kumwandaa Pokémon wa Mashindano: Scarlet na Violet, Hatua kwa Hatua

Mdogo wangu alimaliza hadithi ya gemu la Pokémon Violet, akaingia kwenye mapambano ya mtandaoni na Garchomp, Pokémon wake wa leveli ya 100 aliyezunguka naye Paldea (nchi ya gemu hilo) nzima, akachapwa. Akaja na swali moja: mbona wangu ana leveli 100 na kila mtu anamtangulia? Kwa sababu kwenye mashindano kila Pokémon huwekwa leveli ya 50, awe alikuwa 100 au 12. Ukiondoa leveli, kinachotofautisha zaidi Garchomp wako na wa mwenzako ni tabia, IV (vipaji vya kuzaliwa), EV (alama za mazoezi), aina ya Tera (aina anayoweza kugeuka katikati ya pambano), kifaa anachoshika na mbinu nne.

Hizi hapa ni hatua nilizopita naye. Nazungumzia mfumo wa wawili kwa wawili, ule wa mashindano rasmi: unakuja na kikosi cha sita, unachagua wanne wa kuingia nao.

Hatua ya 1: Amua kazi yake kabla ya kutumia hata senti

Fungua Pokémon Showdown kwenye kivinjari. Ni bure, na hapo unaweza kumtengeneza Pokémon yeyote kwa dakika mbili, ukapigana naye, ukamfuta. Sioni sababu ya mtu kujaribia mawazo yake ndani ya gemu lenyewe, ambako kila kosa lina gharama. Cheza mechi kadhaa mpaka uweze kujibu: huyu anaingia kufanya nini? Kupiga? Kumkinga mwenzake? Kupandisha Tailwind, upepo unaozidisha kasi ya upande wenu mara mbili?

Na usiogope kumchagua asiyependwa, mradi kazi yake inajulikana. Mwaka 2014, huko Washington, Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye hakuna aliyemhesabu. Kazi yake ilikuwa kuvutia mapigo kwa Follow Me ili mwenzake apige kwa nafasi. Alijengwa kwa ajili ya hilo.

Hatua ya 2: Kamata mpya

Usimchukue yule uliyemaliza naye hadithi. Sababu iko hatua ya 5. Kamata mwingine, mpe Exp. Candy mpaka afike leveli ya 50, kisha usimpandishe zaidi. Hamsini kamili. Peremende hizo hazigusi EV, kwa hiyo anafika akiwa msafi kabisa.

Ukimpata kwenye Tera Raid (pambano la kundi dhidi ya Pokémon mmoja mwenye nguvu) ya nyota sita, anakuja na IV tano kamili tayari, ila anakuwa ameshapita leveli ya 50, hivyo ulinganisho wa namba wa hatua ya 7 hautamfaa.

Hatua ya 3: Tabia

Kila tabia huongeza sifa moja kwa asilimia 10 na kupunguza nyingine kwa asilimia 10, isipokuwa zile tano zisizobadili kitu. Nunua Mint ya tabia unayoitaka kwa 20,000 za fedha za gemu katika duka la Chansey Supply, mpe, imekwisha. Wanaokwambia uanze kuzalisha mayai ili upate tabia sahihi wanakupotezea wiki. Jua tu kwamba Mint hubadili namba, haibadili tabia ya asili. Ukija kumzalisha, mtoto akirithi tabia, hurithi ile ya asili.

Hatua ya 4: IV, na Bottle Cap ambayo hairudi

IV ni kipaji cha kuzaliwa, kuanzia 0 hadi 31 kwa kila sifa. Ukimaliza hadithi utapata uwezo wa kuziona kwenye boksi: penye "Best" ni 31, penye "No Good" ni 0. Pokémon akishafika leveli ya 50, mpeleke mji wa Montenevera pamoja na Bottle Cap, na sifa utakayochagua itahesabiwa kama 31.

Hapa kuna watu huharibu Pokémon mzuri kwa kutaka kila kitu kiwe "Best". Kuna sifa mbili ambazo wakati mwingine unazitaka ziwe sifuri.

Ya kwanza ni kasi, kama kikosi chako kinatumia Trick Room. Mbinu hiyo hugeuza mpangilio kwa zamu tano, na wa polepole ndiye anayetangulia. Torkoal mwenye IV 0 ya kasi na tabia inayopunguza kasi ana kasi ya 22. Mpe Bottle Cap kwenye kasi anakuwa 36, na tayari Amoonguss mwenye kasi ya 31 atamtangulia ndani ya Trick Room. Huwezi kuirudisha. Ndiyo maana Gold Bottle Cap, ile inayokamilisha zote kwa mpigo bila kukuuliza, usiisogeze kabisa karibu na Pokémon wa Trick Room.

Ya pili ni shambulio la kawaida kwa anayetumia mbinu maalumu tu. Shambulio lake halimsaidii yeye, bali humsaidia adui: Foul Play hupiga kwa kutumia shambulio lako mwenyewe, na ukichanganyikiwa unajipiga kwa hilohilo. Liache lilivyo.

Hatua ya 5: EV

Chukua maji, hapa tutakaa.

EV ni alama ambazo Pokémon huzipata kwa mazoezi. Jumla yake haivuki 510, na sifa moja haivuki 252. Njia ya haraka ni dawa za Chansey Supply, 10,000 kila moja, na kila moja huongeza 10: HP Up kwa uhai, Protein kwa shambulio, Iron kwa ulinzi, Calcium kwa shambulio maalumu, Zinc kwa ulinzi maalumu, Carbos kwa kasi. Kujaza sifa moja kutoka sifuri ni dawa 26. Ile ya mwisho huongeza 2 tu.

Sasa turudi kwa Garchomp wa mdogo wangu. Alinunua Carbos za fedha zake zote, akampa ya kwanza, na gemu likamwambia haitakuwa na athari yoyote. Akaona gemu limeharibika. Halijaharibika. Kila Pokémon wa porini unayempiga hutoa EV, na kila aliyemo kwenye kikosi huzipokea, hata yule aliyekaa nyuma hajatoka kwenye mpira. Ukimaliza hadithi na Pokémon, 510 zake zimeshajaa takataka: kidogo huku, kidogo kule, hakuna mahali penye maana. Chupa imejaa, na wewe unataka kumimina tena.

Kwanza angalia. Fungua taarifa za Pokémon, bonyeza L, na umbo la pembe sita litabadilika likuonyeshe EV badala ya sifa. Likiwa dogo na limekunjamana katikati, ni msafi. Likiwa limetanuka kila upande, una kazi ya kusafisha.

Kusafisha kuna njia mbili. Kama una The Teal Mask, nyongeza ya kulipia ya gemu, cheza mchezo mdogo wa Ogre Oustin' upate Fresh-Start Mochi. Moja tu hufuta EV zote. Mimi hutumia hii siku zote. Kama huna, ni matunda, na kila tunda hupunguza 10 kwenye sifa yake: Pomeg uhai, Kelpsy shambulio, Qualot ulinzi, Hondew shambulio maalumu, Grepa ulinzi maalumu, Tamato kasi. Usihesabu matunda kwa kukisia. Rudi kwenye lile umbo baada ya kila sifa. Au fuata hatua ya 2 na usijisumbue.

Halafu ukishasafisha, mtoe kwenye kikosi. Akibaki humo na wewe ukaenda kuokota vitu porini ukapigana na wawili watatu, ameshachafuka tena bila wewe kujua.

Sasa, EV ngapi na wapi? Wengi hujaza 252 shambulio, 252 kasi, 4 popote. Si vibaya kwa kuanzia, lakini mara nyingi ni kutupa nusu ya mali. Katika leveli ya 50, sifa yenye IV 31 hupata nukta ya kwanza kwa EV 4, na kila nukta inayofuata kwa EV 8. Kwa hiyo namba zenye maana ni 4, 12, 20, 28 na kuendelea hivyo hadi 252. Ukiweka 10, umepata kilekile ambacho mwenzako amepata kwa 4.

Tumchukue Garchomp. Mwenye Jolly, tabia inayoongeza kasi, na 252 za kasi hufika 169. Flutter Mane aliyejazwa kasi hufika 205. Yaani umemwaga kila kitu kwenye kasi na bado hutamtangulia. Kwa nini basi usijiulize unataka kumtangulia nani hasa? Sisi tulimchagua Rillaboom. Rillaboom ambaye tabia yake haiongezi kasi, hata ukimjaza vipi, haendi zaidi ya 137. Tunahitaji 138. Garchomp wa Adamant, tabia inayoongeza shambulio bila kugusa kasi, hufika 138 akiwa na EV 124 tu. Weka 252 kwenye shambulio, 124 kwenye kasi, na zimebaki za kutosha kuweka 132 kwenye uhai. Uhai unapanda kutoka 183 hadi 200. Nukta 17 za uhai ni tofauti kati ya kufa na kubaki na upenyo wa kupiga mara moja zaidi. Kama kikosi kina mtu wa Tailwind, ile 138 huwa 276 kwa zamu nne, na Flutter Mane ambaye hajaongezewa kitu anabaki nyuma yako.

Kutekeleza: Protein 26. Carbos 12, hapo una 120, na 4 zilizobaki utazipata bila dawa: mweke kwenye kikosi, piga Fletchling wanne, kila mmoja hutoa 1 ya kasi. HP Up 13 hukupa 130, kisha Lechonk wawili kwa 2 za mwisho. Hakikisha hajashika kifaa chochote cha Power wakati wa kuokota hizo moja-moja, maana kifaa hicho huongeza 8 kwa kila Pokémon unayempiga na hesabu yote inaharibika. Mpige yule tu unayemtaka. Akiingia mwingine katikati, kimbia.

Kama huna fedha za dawa, vifaa hivyohivyo ndivyo mkombozi. Mshikishe Power Anklet, kile cha kasi, piga Fletchling, unapata 9 kwa mmoja badala ya 1, na kasi inajaa baada ya 28. Inachosha lakini haina gharama zaidi ya kifaa chenyewe. Mimi ningerudia Academy Ace Tournament, mashindano ya shule ndani ya gemu, nikiwa na Amulet Coin inayoongeza fedha za ushindi, na kununua dawa, kila mtu na subira yake.

Hatua ya 6: Mbinu, kifaa, Tera

Protect, mbinu ya kujikinga, kwa karibu kila mtu. Kwenye wawili kwa wawili, zamu moja ya kujikinga huku mwenzako akipiga ina thamani kuliko mbinu ya nne ya kupiga. Earthquake ya Garchomp humpiga hata mwenzake, hivyo msimamishe karibu na anayeruka, au tumia Stomping Tantrum, inayompiga adui mmoja tu. Kifaa kimoja hakirudiwi kwa wawili ndani ya kikosi.

Kama mbinu unayoitaka ni ya kurithi kwa mayai, acha nafasi moja ya mbinu wazi, mshikishe Mirror Herb, kaa pikiniki na Pokémon anayeijua.

Aina ya Tera hubadilishwa kwenye mgahawa wa Treasure Eatery, mji wa Medali, kwa vipande 50 vya aina husika. Garchomp nampa Steel (chuma): Ice, Dragon na Fairy, zote tatu zinazomuumiza, huwa haziumi sana.

Hatua ya 7: Hakiki kwa namba, halafu sajili

Gemu halikuonyeshi EV kwa namba, ila linaonyesha sifa kwa namba. Na kwa kuwa ulimwacha leveli ya 50, namba unazoziona kwenye taarifa zake ndizo zitakazoingia uwanjani. Ziweke sambamba na za Showdown. Kasi 138, uhai 200? Sawa. Ukiona 137, kuna Fletchling mmoja hukumpiga. Ukiona uhai 200 lakini kasi imegoma kupanda, rudi kwenye lile umbo: pengine kuna EV zilizojificha kwenye sifa nyingine.

Kuna wanaoruka yote haya kwa kutengenezewa Pokémon na programu za nje. Kwenye ubingwa wa dunia wa 2023, Yokohama, wachezaji kadhaa waliondolewa kwa sababu hiyo. Pokémon wa aina hiyo anaweza kupita mtandaoni kwa miezi, halafu akanaswa siku ya ukaguzi.

Msajili kwenye Battle Team na ucheze. Ukipoteza mechi mfululizo, usianze kumbadili Pokémon mzima. Angalia nani aliyekutangulia na wewe ulidhani utamtangulia, tafuta kasi yake, ongeza EV 8 au 16 kwenye kasi ukizitoa kwenye uhai, kisha jaribu tena Showdown kabla ya kununua hata Carbos moja.